Bodi Isiharakishwe

Kwa Bodi ya Kudhibiti Bidhaa za Kuua Wadudu,
Nairobi.

KUH: SHUKRANI KUTOKA FORT TERNAN

Wakazi wa Fort Ternan, Kericho, wanaisalimu Bodi na kuipongeza kwa kutopenda papara. Kwao papara haijawahi kuheshimiwa. Mwaka 1961, kwenye shamba la Fred Wicker, wachimbaji wa mtafiti Louis Leakey walifukua vipande vya taya na meno ya nyani wa kale, ambaye baadaye aliitwa Kenyapithecus wickeri. Alikuwa amezikwa pale kwa miaka milioni 14 hivi, na hakuna ofisi iliyowahi kupokea malalamiko yake.

Kwa kipimo hicho, Bodi inakimbia kama swara.

Tazama DDT. Mwaka 1939 Paul Müller aligundua kwamba inaua wadudu, na mwaka 1948 akapewa Tuzo ya Nobel. Unga wake ukapulizwa malaloni, nguoni, hata kichwani mwa mtoto mwenye chawa. Mwaka 1962, Leakey alipokuwa akimtangaza nyani wake, mwandishi Rachel Carson alichapisha kitabu chake Silent Spring na kuonyesha jinsi sumu hiyo inavyoganda kwenye mafuta ya mwili, ikapanda kutoka kwa mdudu hadi kwa samaki, kutoka kwa samaki hadi kwa ndege. Marekani iliipiga marufuku mwaka 1972. Kenya iliizuia mashambani mwaka 1986. Miaka 14 tu! Nyani alingoja milioni 14. Na haki isemwe: Bodi imezaliwa na sheria ya 1982, kwa hiyo uchelewaji huo aliurithi mtoto mchanga.

Mtoto amekua, na urithi haukupotea. Mwaka 2000 Marekani iliamua klorpirifosi, dawa nyingine ya wadudu, iondoke kwenye matumizi mengi ya nyumbani kwa kuwahofia watoto. Umoja wa Ulaya ukaifungia mlango mwaka 2020. Nchini Kenya, mafundi waliendelea kuimwaga kwenye misingi ya nyumba kuwazuia mchwa, kisha juu yake kikajengwa chumba cha kulala. Mwaka 2025 Mkataba wa Stockholm, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2004, ukaitia kwenye orodha ya kemikali za kukomeshwa, pamoja na misamaha kadhaa. Wakazi wanaelewa. Ndoa ya miaka mingi haivunjwi kwa siku moja.

Wanashukuru pia kwa lebo. Picha ya fuvu na mifupa inawapendeza, maana mifupa ndiyo iliyoitangaza Fort Ternan duniani. Kasoro ni kwamba lebo hubaki dukani. Mwenye robo ekari hanunui lita nzima. Hupimiwa dawa ya shilingi hamsini kwenye chupa ya soda, mdomo ukazibwa kwa nailoni iliyosokotwa. Jioni chupa hiyo huwekwa juu ya kabati la jikoni, karibu na kibuyu cha mursik, maziwa yaliyochachushwa. Ikitiwa maji, dawa huwa nyeupe kama maziwa. Mtoto wa darasa la tatu anajua kusoma vizuri sana, ila chupa haina maandishi.

Nchi hiihii iliwahi kuiuzia dunia sehemu kubwa ya pareto yake, ua la nyanda za juu ambalo sumu yake ya kuua wadudu huvunjika upesi juani. Wakulima wengi waling'oa mimea hiyo walipochoka kungoja malipo. Hapo napo hakuna aliyeharakishwa.

Wakazi wana maombi mawili, wala hawasukumi mtu. Kwanza, dawa ikifungiwa kwingineko kwa ajili ya afya, redio za Kikalenjin zitangaze wiki hiyohiyo, na Bodi ieleze kwa nini bado iko madukani. Pili, dawa iuzwe ikiwa imefungwa kiwandani kwa kipimo cha mkulima mdogo, lebo ikiwa kwa Kiswahili, ili chupa ya soda irudie soda.

Jibu litumwe Fort Ternan. Likichelewa, liwekwe kwenye bahasha inayostahimili udongo. Wachimbaji watalipokea kwa niaba ya wakazi.