Hodi Kabla ya Herufi

Mazoea yana taabu, walinena wahenga, na laiti wangalijaliwa kuketi mbele ya kompyuta yangu hapa Makomeno, mjini Lubumbashi, wangaliongeza kuwa taabu yenyewe huanzia vidoleni. Tangu ujanani nimeandikia Vim, chombo alichokitoa Bram Moolenaar wa Uholanzi mwaka 1991 kwa kuifuata vi ya Bill Joy ya mwaka 1976, na ambacho aghalabu kikifunguliwa humsihi mtumiaji awasaidie watoto maskini wa Uganda. Ada ya chombo hicho ni kwamba herufi si herufi mpaka upige hodi: kabla ya kubonyeza i, kila kitufe ni amri, j ikishusha, k ikipandisha, D kubwa ikifuta tangu ulipo hadi mwisho wa mstari, na u ikirejesha kilichofutwa; ukishakaribishwa ndani ndipo unapoandika, hata utakapoaga kwa Esc.

Nilipohamia Emacs, chombo kingine cha kuandikia, kama bi arusi ahamaye na kinu cha mamaye, nilichukua desturi zangu zote kwa nyongeza iitwayo Evil, yaani Shari, jina ambalo kwa mwenye akili lingalitosha kuwa onyo.

Jumapili moja nilikuwa nikimwandikia dada yetu wa Likasi habari za arusi ya binamu, aya moja ndefu ambayo kwa hesabu ya chombo ni mstari mmoja tu. Nikakirudisha kielekezi mwanzoni, nikamwachia mdogo wangu atie maamkizi, nami nikaenda kusonga bukari. Akaandika, kwa taadhima zote, “Dada mpenzi”. D ikaimeza aya nzima. A iliyofuata, ambayo nayo ni hodi ya namna yake, ikafungua mlango. Na kiooni pakasalia “da mpenzi”, kama baharia aliyenusurika peke yake.

“Yaya, mashini yako iko nakula maneno!”

“Bonyeza u!” nikajibu, mwiko mkononi.

“Niko nabonyeza!”

Nilipofika nikakuta “da mpenziuuuuuuuu”, maana alikwisha kuingia, na ndani ya nyumba u ni u tu. Nikabonyeza Esc kwa kidole chenye unga, kisha u mara mbili, na aya ikarejea salama, nami nikajisifu kupita kiasi.

Jioni niliihamishia barua katika programu ya kawaida ya ofisi ili ichapwe, nikatia jina langu, na mkono, pasipo idhini yangu, ukahitimisha kwa amri yake ya kuhifadhi na kutoka, :wq, ambayo huko si amri bali ni wino. Siku ya tatu simu ikalia kutoka Likasi. Dada aliusifu mwandiko, akauliza hali, kisha akashusha sauti:

“Mudogo yangu, uyu Wq mwenye kusaini chini ya jina yako, njo bibi mupya?”