Haumi Huyo

Hulka ya mbwa, yaani namna anavyoelekea kuyapokea mambo anayokutana nayo kila siku, iwe ni mgeni, pikipiki au mfuniko wa sufuria unaoanguka sakafuni, ni somo ambalo jijini Nairobi huanza kufundishwa getini, kwenye kibao cha bati kilichoandikwa "Mbwa Kali". Mwanasarufi huumia hapo kabla hajaumwa, kwa kuwa mbwa, akiwa kiumbe mwenye uhai, hufuata upatanisho wa ngeli ya A-WA na anastahili kuwa "mkali". Lakini mgeni anayesimama mbele ya geti akiwaza ngeli ni mgeni ambaye bado hajasikia mnyororo ukiburutwa upande wa pili.

Kibao chenyewe hakipimi chochote, kwani hutundikwa penye mbwa mkali, penye mbwa mzee aliyebakiwa na meno mawili, na penye mwenye nyumba ambaye hajapata kufuga hata paka. Ushahidi wa pili, ambao ni kauli ya mwenye mbwa, ni dhaifu zaidi. Kauli hiyo haibadiliki: "Haumi huyo." Hutolewa kwa sauti kubwa kutoka barazani, na mtu ambaye hajawahi kuingia katika ua huo akiwa mgeni, na maana yake kamili ni kwamba mbwa huyo hajawahi kumuuma yule anayemlisha.

Wataalamu wamejaribu kutafuta vipimo bora kuliko hivyo. Ivan Pavlov, Mrusi aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa utafiti wake kuhusu usagaji wa chakula, aliwagawa mbwa kwa kufuata zile aina nne za hulka ambazo matabibu wa Kiyunani walizihusisha na damu, balghamu, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi. Nchini Marekani, Jack na Wendy Volhard walitunga mtihani wa watoto wa mbwa wenye umri wa siku 49, ambapo mtu asiyejulikana na kinyama hicho huburuta taulo mbele yake, hugonga sufuria, hufungua mwavuli, kisha hutoa alama kuanzia 1 hadi 6. Kwa mbwa koko, yaani mbwa wa mtaani asiye na nasaba wala bwana mmoja, mtihani huu una kasoro, kwa sababu kwake mlio wa sufuria ni tangazo la chakula, na mwavuli ni kitu alichokwisha kuchapwa nacho.

Pwani, kipimo kizima hugeuka juu chini. Kwa Mwislamu wa madhehebu ya Shafii, ambaye mate ya mbwa humlazimu kuosha mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo, mbwa mpole anayekuja mbio na pua iliyolowa ili amlambe mkono akiwa njiani kwenda msikitini ni balaa, ilhali yule mkali anayebweka kwa mbali ni jirani mwema.

Mwaka 2007 watafiti wa Italia, baada ya kuwachunguza mbwa 30, walieleza kwamba mkia huelekea zaidi kulia mbwa amwonapo bwana wake, na huelekea zaidi kushoto amwonapo mbwa mgeni mwenye ubabe. Elimu hii ni nzuri, ila kulia kunakosemwa ni kulia kwa mbwa, kwa hiyo anayemkabili ana kwa ana hulazimika kugeuza hesabu kichwani, na mbwa hana desturi ya kusubiri majibu. Swali lenye manufaa zaidi kuliko "Anauma?" ni "Amechanjwa?", nalo haliulizwi mpaka jeraha limeshaoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 na safari ya kwenda kudungwa chanjo ya kichaa cha mbwa imeanza.

Mpimaji mmoja, msomi wa vitabu vya hulka ya mbwa, alimwona mbwa wa jirani akipiga miayo, akijilamba pua na kugeuza macho hadi weupe ukatokeza pembeni, dalili ambazo zikija pamoja huonyesha mnyama asiye na raha, akahitimisha kwamba ana njaa na usingizi, akainama ampapase kichwani. Meno yalipofunuliwa alitimua mbio, na mbio huamsha kwa mbwa hamu ileile inayomfanya afukuze bodaboda ambazo, hata akizikamata, hana pa kuzipeleka. Suruali ilisalimika, ndala ya kushoto haikusalimika. "Anacheza tu huyo," alisema mwenye mbwa kutoka barazani bila kuweka kikombe chini, huku mbwa akiwa amejilaza, ndala kati ya miguu ya mbele, akiitafuna kuanzia kwenye kamba, na mkia ukipiga vumbi kuelekea upande ambao hakuna aliyebaki karibu kuuandika.