Sifa za Poti

Washairi wamekwisha kuusifu mwezi, mnazi na macho ya wapenzi wao. Poti ya mtoto hawakuigusa. Inaning'inia kwa kamba nje ya duka la vyombo, katikati ya ndoo na mabeseni, wala hakuna anayeigeukia mara mbili. Nami nashikilia kwamba hakuna chombo chenye mamlaka nyumbani kuishinda.

Ukoo wake ni wa kale. Katika makumbusho ya Agora, mjini Athens, ipo poti ya udongo yenye nafasi ya kutolea miguu, iliyofinyangwa zaidi ya miaka 2,500 iliyopita. Madola yameanguka, yenyewe ipo.

Tazama inavyotawala. Baba anayepigiwa shikamoo na mtaa mzima anachutama mbele yake akisema "shiii, shiii". Dada anafungulia bomba ili maji yasikike. Mama anabembeleza. Mheshimiwa aliyekaa ameshika biskuti, hana haraka na mtu. Mwisho anatangaza, "Hamna!", anainuka, anakwenda nyuma ya pazia na kuimaliza shughuli yote huko, kwa utulivu, juu ya zulia. Poti imebaki kavu. Tusiilaumu, haikumwahidi mtu kitu. Kesho itakuwa kofia, kesho kutwa ngoma.

Na siku inapokubali kupokea! Mtoto anaibeba kwa mikono miwili hadi sebuleni, alipoketi mkwe anakunywa chai. Mkwe huyo, ambaye adabu inatutaka hata tusicheke kwa sauti mbele yake, anaonyeshwa yaliyomo na kungojewa atoe maoni. Anaweka kikombe chini, anapiga makofi. Niambieni ni baraza gani la wazee limewahi kuvunja miiko kwa kasi hiyo.

Wapinzani wa poti watanipeleka pwani ya Kenya, kwa Wadigo. Naam, watafiti Marten na Rachel deVries waliandika habari zao katika jarida la Pediatrics mwaka 1977. Mama wa Kidigo alianza kazi mtoto akiwa na wiki chache tu: alikaa chini, akanyoosha miguu, akampakata katikati ya mapaja, akatoa sauti maalumu ya kumkojoza. Ifikapo miezi mitano au sita, mtoto alijua la kufanya. Poti ya nini? Hoja nzito, nakiri. Lakini mapaja hayo yalikuwa nyumbani mchana kutwa, na mama wa leo saa kumi na moja alfajiri yumo kwenye daladala. Poti haipandi daladala.

Isitoshe, ilipata wakili Marekani. Daktari T. Berry Brazelton, katika jarida hilohilo mwaka 1962, alitoa habari za watoto 1,170 na kushauri wasilazimishwe, wangojewe hadi wawe tayari. Wengi wao walikuwa wamevuka miaka miwili ndipo wakaiweza haja ya mchana. Bibi yangu angecheka hadi akae chini. Poti haikucheka. Kungoja ndiyo kazi inayoijua kuliko sisi sote.

Tusiisifu kupita kiasi, hata hivyo. Usiku si zamu yake. Mambo ya usiku yaulizeni magodoro yaliyoegemezwa ukutani yaanikwe, majirani wakipita na kutusalimia kwa adabu nyingi mno.