Heko, Picha Mbovu

Picha nzuri ina majivuno. Inakutaka unyamaze, usikohoe, usitoke kwenda kujisaidia, maana ukikosa sentensi moja umekosa mwisho. Kwa mtu wa umri wangu, mwenye kibofu kisichopenda masharti, hayo ni mateso ya kulipia. Leo nasimama kumsifu ndugu yake anayesimangwa: picha mbovu, ndefu, ya gharama kubwa, yenye watu wazima waliovaa nguo za kubana.

Nitamtaja mmoja, Batman v Superman ya mwaka 2016, kazi ya Zack Snyder. Ina dakika 151. Mmoja wa waandishi wake, Chris Terrio, alikuwa tayari na Oscar ya Argo, kwa hiyo ubovu huu si wa kubahatisha. Ni ubovu wa wasomi. Niliiona kwenye kibanda umiza Lizaboni, shilingi mia tano, benchi la mbao, sauti ya mtafsiri ikiwa imepandishwa juu ya Kiingereza. Gridi ya taifa ilikuwa bado haijafika Songea, mji ukiishi kwa majenereta ya dizeli, na umeme ulipokatika tulikaa gizani tukitafuna karanga. Uliporudi, mwenye kibanda hakukumbuka tulipoishia, akarusha mbele tu. Hakuna aliyelalamika. Jaribu kuifanyia hivyo The Godfather.

Sasa njoo kwenye lile kosa lake maarufu. Batman amemkanyaga Superman, mkuki uko juu, na Superman anamtaja mama yake, Martha. Batman anaganda, kwani marehemu mama yake naye aliitwa Martha. Ugomvi umekwisha hapo hapo. Dunia nzima ilicheka. Kibandani kwetu hakucheka mtu. Mama mmoja aliyekuwa amekuja kumsaka mwanawe alisimama mlangoni, akasema, "Haa, kumbe mama zao wajina!" Akatafuta pa kukaa. Wajina wa mama yangu si mama yangu? Nani atamchoma mkuki ndugu yake? Na kama shida ni uadui kugeuka undugu ghafla, muulize Mngoni na Mhehe. Waliuana mwishoni mwa miaka ya 1870, na leo Mhehe akija kwenye msiba wetu anaingia kaburini kwa utani, hatoki mpaka apewe chochote.

Halafu zile risasi zinazomdunda Superman kifuani. Kwingine huo ni mchezo wa watoto. Songea tuna makumbusho ya Majimaji, na kila Februari 27 tunawakumbuka mashujaa walionyongwa hapa mwaka 1906, wakati wa vita ambavyo watu waliviendea wakiwa wameahidiwa kwamba risasi za Mjerumani zitageuka maji. Jirani yangu kwenye benchi alizitazama zinavyodondoka, akatikisa kichwa polepole. "Huyu ndiye aliyepewa ile yenyewe." Tukanyamaza kidogo, wote. Picha nzuri isingetupa nafasi hiyo. Ingekuwa imeshatueleza la kufikiri.

Basi Superman akafa. Kelele zilizopigwa sizisemi. Sheria ya kibanda ni moja tu, steringi hafi, na hapa steringi kalala kwenye jeneza, tena misiba imekuwa miwili, mmoja wa serikali wenye jeneza tupu na mwingine kijijini kwao. Mtafsiri mwenyewe aliishiwa, akaanza kuwapa pole wafiwa. Vijana wa nyuma walidai hela zao. Mzee mmoja wa mbele ndiye aliyetuliza mambo. Alisema tatizo la Wamarekani ni kuzika bila watani. "Mtani angelilalia lile jeneza," alisema, "angesikia mtu anapumua."

Hazikupita dakika mbili, udongo juu ya jeneza ukainuka kidogo, na picha ikakata.

Mzee alipewa mikono na kibanda kizima kama mtu aliyeshinda udiwani. Yule mama alikuwa bado ameketi, anafuta macho kwa ncha ya khanga. Mwanawe alishatoroka kwa mlango wa nyuma tangu mkuki uko juu.