Bomba Limeniponza kwa Wakwe

Jumapili mama mkwe alikuwa ametulia kwenye kochi, leso magotini, akisubiri chai, nyumba yangu ikajamba. Sina namna ya kiungwana ya kulisema. Jikoni, nyuma ya pazia, kulisikika kro-kro-kro ndefu, kisha kimya, kisha harufu ya mayai viza ikaja taratibu, ikampita baba mkwe, ikakaa katikati ya sebule. Kila mtu alinitazama, halafu akatazama dari.

Asiyejua chinsoni za Abagusii, yaani miiko ya heshima na haya, hawezi kupima uzito wa jambo hili. Mbele ya mama mkwe hata mzaha naupima kwanza. Sasa hewa ile! Shemeji alimfukuza mbwa aliyelala kizingitini, naye akatoka na kosa lisilo lake. Nikadhani nimepona. Lakini mama mkwe hakudanganyika. Alimwinamia mke wangu na kumnong'oneza kwa sauti ya kanisani, ile inayofika viti vya nyuma: "Mpikie uji wa wimbi, unatuliza tumbo."

Ningesema nini? "Mama, si mimi, ni bomba"? Nilikimbilia jikoni. Moto wa biogesi ulikuwa wa manjano, ukirukaruka na kukohoa, kisha ukazima. Nikafunga koki, nikafungua madirisha, nikabaki huko muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Kumbe gesi itokayo kwenye mtambo wa kinyesi si kavu hata kidogo. Takriban asilimia 60 ni methani, sehemu kubwa ya iliyobaki ni kaboni dayoksaidi, na yote imelowa mvuke. Shimoni kuna joto. Nje, bomba linapita kando ya michai, na baridi ya usiku wa huku kwetu Nyansiongo mnaijua. Mvuke ukigusa bomba la baridi unageuka matone, matone yanateremka hadi pale bomba lilipobonyea, yanakusanyika, yanaziba njia. Gesi inasukuma kutoka nyuma mpaka ipate upenyo, inabubujika, moto unazima, na fungu linalofuata linaingia sebuleni bila kuungua. Harufu yenyewe ni ya haidrojeni salfaidi. Chembe tu yatosha kuaibisha ukoo. Ikiyeyuka katika maji hayo, inakuwa asidi dhaifu lakini yenye subira. Nilipolegeza kiungo pale bondeni, yalitoka maji ya kijivu ya kujaza kikombe. Koki ya shaba ilikuwa nyeusi tii, na nilipoikwaruza, unga mweusi ulibaki kwenye ukucha.

Nilimpigia simu binamu yangu aliye Minneapolis, mji wenye Wakisii wengi, nikitarajia pole. Akacheka. Hita yake ya maji ya gesi nayo inatema asidi! Kila kilo ya methani ikiungua hutoa zaidi ya kilo mbili za maji. Hita za zamani ziliyapuliza angani kama mvuke. Hizi mpya zinaubana moshi mpaka upoe chini ya nyuzi 55 hivi, zinanyonya joto la mvuke, na mvuke unageuka maji yenye pH ya kati ya 3 na 5. Kwa hiyo yanapitishwa kwenye bomba la plastiki, kisha kwenye kikopo cha kokoto za chokaa, asidi ikatulizwa kabla ya kufika mferejini. Uingereza ilizilazimisha boila za aina hii mwaka 2005, na baridi kali ya Desemba 2010 ikagandisha vibomba hivyo, watu wakakaa bila joto. Sikuficha furaha yangu.

Nikawaza kutumia mawe ya sabuni ya Tabaka badala ya kokoto hizo, tunayo tele. Hayafai: si ya chokaa, abaki nayo mchonga vinyago. Dawa ya harufu ni chuma chenye kutu, ambacho hushikana na salfa, kwa hiyo nyuzi za chuma za kusugulia sufuria zimekuwa zikipotea jikoni na mimi ndiye mshukiwa. Maji yenyewe niliumwagia mchai, maana chai hupenda udongo wenye asidi.

Ila kuna jambo linaloniuma. Mtambo wa kwanza wa biogesi nchini Kenya ulijengwa mwaka 1957, kwenye shamba la kahawa. Miaka yote hiyo, na bado waliokuja kuzindua mtambo wangu walileta fulana, kofia na mpiga picha, wakakata utepe, wakamwagilia sifa ng'ombe wangu, wasiseme neno moja kuhusu maji. Bomba lilipaswa kuteremkia kwenye chupa ya kukingia maji, kifaa cha bei ya soda chache. Halikuteremshwa. Mitambo mingapi vijijini imegeuka mashimo ya kuku kuangukia kwa kukosa chupa hiyo? Aliyekopa kuijenga bado analipa.

Fundi aliyenijengea hakushika simu wiki nzima. Jana akapiga mwenyewe. Alitaka kujua kama kuna jirani anayetaka mtambo.