Anayetesa na Anayeteseka

Mtaani kwetu siku hizi kila mtu anatesa. Aliyenunua bodaboda mpya anatesa, aliyesuka rasta anatesa, hata jirani aliyepaka geti lake rangi ya bluu ya kuumiza macho naye, naambiwa, anatesa. Kamusi bado zimeshikilia kwamba kutesa ni kumtia mtu maumivu makali au dhiki. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya 1977, ibara ya 13, inakataza mtu kuteswa. Kwa Kiswahili cha kijiweni, basi, nusu ya mtaa inavunja Katiba kila Jumamosi jioni na polisi wanapita wakipunga mkono.

Neno hili lilinikuta ukumbini. Shemeji yangu alioa, nikavalishwa viatu vya ncha, vya ngozi kavu, vilivyonunuliwa bila mguu wangu kushirikishwa. Hadi foleni ya chakula inaanza, kidole cha mwisho kilikuwa kimeshakufa ganzi. Nasogea kwa ubavu kama kaa, nimeuma meno, MC akaniona. "Shemeji mkubwa leo anatesa!" Makofi, vigelegele, na kamera juu yangu. Mteswa nilikuwa mimi, tena na kiatu changu mwenyewe.

Mwenye gari anatesa, mwenye deni anateseka. Kati yao ni herufi mbili tu. Wanatufariji eti kutesa kwa zamu. Haya, ila hiyo orodha ya zamu anayo nani?

Tusiwaonee vijana peke yao. Wazee wetu wa Pwani walilipokea neno adhabu kutoka Kiarabu, ambako ni mateso hasa, yale ya kaburini na motoni. Sisi tukalichukua tukampa mwalimu wa zamu: umechelewa namba, kang'oe kisiki. Na kumbe mzizi uleule wa Kiarabu ndio unaotoa pia neno la maji matamu ya kunywa! Ilikuwaje, waulizwe Waarabu wenyewe.

Walioniliwaza ni Wafaransa. Neno lao la kazi, travail, kamusi zao nyingi zinalirudisha kwenye tripalium ya Kilatini, yaani miti mitatu ya kumfungia mtu na kumtesea. Leo neno hilo limo katika kaulimbiu za taifa za Kongo-Kinshasa na Burundi, limekaa kwa heshima zake pamoja na amani, umoja na maendeleo. Jumatatu asubuhi, nikining'inia mlangoni mwa daladala, naona wala hawakutia chumvi.

Kinachonikera hasa ni kwamba wenye raha wametunyang'anya maneno yote ya maumivu. Pilau likikolea ni balaa. Gauni likimkaa mtu, ameua. Wimbo mzuri ni hatari. Juzi nimeingia duka la dawa, shavu nimelishika, nikamwambia kijana wa kaunta kwamba jino linanitesa. Akacheka. "Mzee una maneno wewe!" Akarudi kwenye simu yake.

Wanangu, kutesa chukueni, balaa chukueni, hata hatari tumewaachia. Tubakizieni kuuma tu. Na mzee akiwaambia jino linamuuma, mpeni dawa kwanza, ndipo mcheke.