Makofi ya Shilingi 200

Ukumbi mzima ulinipigia makofi Jumamosi mjini Homa Bay, na hadi naandika haya masikio bado yanawaka. Kabla mchezo haujaanza, mshereheshaji alipanda jukwaani, akakohoa kwenye maikrofoni, akatangaza kwamba kuna mzazi mkarimu aliyetoka Migori na kuchangia shilingi 200 kuinua sanaa ya jukwaani. "Asimame tumwone!" Nikasimama. Ningefanyaje? Mpwa wangu wa kidato cha nne, aliyeketi na wenzake mbele kidogo, alivuta sweta hadi ikamfunika nywele. Mimi sikuwa nimechangia chochote. Nilikuwa nadai.

Mchezo wenyewe ulikuwa Bembea ya Maisha ya Timothy Arege, tamthilia iliyochukua nafasi ya Kigogo ya Pauline Kea kwenye orodha ya vitabu teule vya shule za upili. Makundi ya waigizaji huzunguka nayo mji hadi mji ili watahiniwa wa KCSE waione kwa macho. Hili lilikuwa Migori Ijumaa na Homa Bay kesho yake. Nilikata tiketi ya Migori, VIP, shilingi 500, yaani kiti cha plastiki chenye mikono na chupa ya maji. Kisha mpwa wangu akaomba tuitazame pamoja Homa Bay. Tiketi ilisema hairudishwi ila inabadilishwa. Nikapanda matatu, Rongo, Rodi Kopany, hadi mezani kwa kijana wa tiketi, ambako niliambiwa VIP zote zimekaliwa na walimu wakuu na wageni wao. Zimebaki benchi, 300.

"Na tofauti yangu?"

"Tofauti gani, jaduong'?"

"Mia mbili."

"Hesabu za Migori tulishafunga."

Laiti foleni isingekuwa inanisukuma mgongoni, ningemweleza kijana yule kwamba kubadilisha tiketi ni jambo zito la kihasibu. Pesa ya tiketi iliyokatwa leo kwa mchezo wa kesho si pato. Ni deni, kundi linadaiwa onyesho. Ndivyo visemavyo viwango vya kimataifa vya uhasibu, ambavyo Kenya inavifuata tangu 1999, na kile kinachohusu mapato, kilichoanza kutumika Januari 1, 2018, hakina mzaha: hesabu pato ukishatimiza ulichoahidi. Waigizaji wakishaigiza, ndipo 500 yangu inakuwa yao.

Kwa hiyo nikibadilisha, 500 nzima inatolewa kwenye onyesho la Migori na kiti kinarudi kuuzwa. Pesa inaingia akaunti ya mpito, inakaa pale kama abiria aliyeshushwa Rongo akingoja gari la kuunganisha. Shilingi 300 zinapanda la Homa Bay. Zile 200 zinabaki zimesimama barabarani, na hesabu haifungwi mpaka zipate pa kwenda: zirudi kwa mwenyewe, ziandikwe kuwa akiba yake kwa onyesho lijalo, au ziwe mchango kwa ridhaa yake. Ridhaa yake!

Utamu zaidi uko kwa anayepanda daraja. Tuseme una benchi ya Migori ya 300, unataka VIP ya Homa Bay ya 500. Karani mvivu atapokea 200, ataziandika Homa Bay, basi. Jumla iko sawa kabisa, na hapo ndipo anapojidanganya, kwa sababu sasa Migori kuna benchi tupu lililoingiza 300, na Homa Bay kuna mheshimiwa amekalia VIP ya 200. Kama wenye kumbi wanalipwa asilimia ya mauzo ya kila onyesho, wa Migori amelipwa kwa mtu ambaye hakuja, na wa Homa Bay amepunjwa. Luca Pacioli, mtawa wa Kifransisko, alichapisha kanuni hizi Venice mwaka 1494: kila kilichoingia mahali kimetoka mahali. Hakuwahi kuliona daftari la kijana yule, lenye mchezaji mpira kwenye jalada na mistari iliyokatwa ikakatwa tena.

Nilimwambia anirushie kwa M-Pesa. Akasema kutuma 200 kunakatwa shilingi 7, nani atazilipa? Nikamwambia atume mia, kisha mia nyingine, maana kutuma hadi 100 ni bure. Alinitazama kwa huruma. Nyuma yangu mama mmoja akauliza kwa sauti kama mzee huyu ametoka Migori kuja kutafuta mia mbili. Kwetu huku, mwanamume aliyepiga viatu rangi hadai mia mbili mbele za watu. Kijana alilijua hilo kuliko mimi. "Usijali, mzee wangu. Nitaziweka mahali pazuri."

Mchezo ulikuwa mzuri, nisiwe mchoyo. Sara aliugua kwa ustadi, Neema akahangaika na gharama za hospitali, na benchi likanichoma mapaja.

Walipomaliza nilirudi mezani, nikalisoma daftari kichwa chini. Chini ya "Michango" jina langu lilikuwa la mwisho. Juu yangu kulikuwa na mwalimu wa Rongo aliyebadilisha tiketi, na juu yake basi zima la shule moja ya Awendo: wanafunzi 40, VIP kwenda benchi, shilingi 8,000. Hapo kicheko kilinikauka. Wale watoto hawakubadilisha chochote. Walifika na VIP zao wakakuta zimekaliwa. Wazazi wao ni watu wa miwa, wanaojua kungoja malipo, na sidhani kuna hata mmoja aliyesimamishwa apigiwe makofi. Wale wawili niliowaona wakitoka benchi kwenda VIP asubuhi ile walilipa tofauti papo hapo, hadi shilingi ya mwisho, na hakuna aliyewaambia kwamba hesabu zimefungwa.

Kwenye matatu ya kurudi, makanga alisema chenji yangu ya 20 nitaipata mbele. Mbele ilikuwa Rongo, na yeye alikuwa ameshadandia gari lingine.

Bodaboda wa Migori hakuwa na chenji kabisa, wala haya.

Jumatatu dukani keshia alinirudishia pipi mbili badala ya shilingi mbili. Nilizihifadhi. Jumatano nilipopungukiwa na shilingi mbili kaunta hiyo hiyo, nikamwekea pipi zake mezani, karatasi zake hazijaguswa. Alimwita meneja.